Deikea wamemgomea mdogo wangu kumchukua mtoto, eti "jina halipo daftarini". Huu ni ulinzi au mbwembwe?

#1 BabaTunu (mleta mada)
Wakuu salaam.

Jana nilikwama Kurasini, foleni ya Mandela mnaijua. Mama Tunu yuko msibani Singida. Nikamtuma mdogo wangu wa kiume akamchukue binti (miaka mitatu na miezi miwili) kituoni, huku Tabata. Kafika saa kumi na moja kasoro. Mtoto alipomwona tu, mbio, mikono juu, "Baba mdogoo!" Mwalimu kamdaka njiani, kamrudisha ndani. "Samahani kaka, jina lako halipo daftarini."

Nikapiga simu. Nikamwambia mwalimu huyo ni damu yangu, tumefanana mpaka pua. Akanijibu kwa upole kabisa: "Baba Tunu, hii sauti inaweza kuwa ya yeyote, na simu haina saini." Nimefika saa moja na dakika kumi usiku. Namkuta mwanangu na mwalimu wamekaa mkekani wanamenya karanga, mdogo wangu yuko nje juu ya tofali kama mshitakiwa. Juu ya hapo nimetozwa elfu tano ya kuchelewa.

Sawa, tuseme ni ulinzi. Mbona kituo hichohicho kila Ijumaa kinarusha picha za watoto stetasi? Wiki iliyopita walikuwa wanaogelea kwenye beseni, wengine wamevaa chupi tu. Baba mdogo ni hatari, ila watu mia tatu wenye namba ya kituo hawana shida?

#2 Kitunguu Saumu
Lipa elfu tano, mshukuru Mungu, lala.

#3 Fundi Rangi
"Tumefanana mpaka pua" hahaha. Angetoa pua kama kitambulisho cha NIDA.

#4 mama_wa_pacha
Mleta mada, huyo mwalimu mpelekee khanga. Mimi nilinyang'anywa mtoto deikea na baba yake mzazi. Tulikuwa tumeachana, nilishawaambia kituoni kwa mdomo kwamba asimchukue bila mimi kujua. Siku hiyo zamu ilikuwa ya dada mpya. Baba kaja na biskuti, mtoto kamfurahia, wakaondoka. Jioni nafika, naambiwa "si amekuja baba yake". Alikuwa ameshapanda basi la Kahama. Wiki tatu sijamwona mwanangu.

Aliyemchukua hakuwa jambazi wala mgeni. Mtoto alimkimbilia, kama huyo wako alivyomkimbilia baba mdogo.

#5 Bishoo wa Ubungo
Daftari ni pambo tu wakuu. Utafiti wa serikali ulionyesha watoto 3 kati ya 10 wanafanyiwa ukatili wa kingono mashuleni. Mbaya wako yuko ndani ya geti, we unamzuia aliye nje.

#6 Karani
#5 tuwekane sawa. Utafiti unaousema ulifanyika 2009, matokeo yakatoka 2011. Waliohojiwa walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Ulikuta wasichana karibu 3 kati ya 10, na wavulana kama 1 kati ya 7, walipata ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. POPOTE: nyumbani, njiani, shuleni, kwa majirani. Siyo mashuleni peke yake, na haukupima deikea. Namba ni kubwa vya kutosha, hazihitaji chumvi.

#7 Bishoo wa Ubungo
Nimekusikia Karani. Hoja yangu iko palepale.

#8 MwalimuWaUji
Niseme kama mtu wa ndani. Nina miaka sita kwenye kazi hii, vituo vitatu tofauti. Sitataja hata kimoja.

Kituo cha kwanza hapakuwa na daftari la aina yoyote. Tulikuwa wawili kwa watoto 27. Mmoja akiwa jikoni na uji, mwingine anabaki na 27. Mtoto akijisaidia kwenye nguo unampeleka bafuni peke yako, mlango unafunga ili wengine wasikufuate. Ningekuwa mtu mbaya, nani angejua? Hakuna. Na nisipokuwa mbaya, siku mtoto akirudi kwao na mchubuko, nani angenitetea? Hakuna pia. Hili la pili watu hulisahau.

Nilipo sasa ni tofauti. Asubuhi mtoto anapokelewa mlangoni, mzazi akiwa bado yupo. Tunamkagua kwa kumsalimia: mikono, magoti, uso. Nikiona mkwaruzo nauliza papo hapo, naandika: "Goti la kulia, alianguka kwa bibi Jumapili," mzazi anasaini. Wa kwanza wiki ile walinuna, mmoja akaniuliza kama nimekuwa askari. Siku hizi wanajisemea wenyewe kabla sijauliza. Pampasi tunabadilisha sehemu ambayo mwenzangu ananiona, pazia limekatwa nusu: mtoto anasitirika na wageni, mimi sijifichi. Na bosi ametuambia hivi: ukiona jambo la mwenzako halijakukaa vizuri, hata kama huna hakika, niambie leo, usisubiri ushahidi.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko daftari zote. Mara ya kwanza kusema nililia. Dada niliyemsemea tulikuwa tunachangia chumba.

#9 Kitunguu Saumu
#8 ikawaje?

#10 MwalimuWaUji
Alikuwa anawafinya wakikataa kulala. Aliitwa, akaonywa, akawekwa na mtu mzoefu. Hatukuongea miezi miwili. Sasa tunaongea.

#11 Mzee wa Makambako
Mnazunguka tu. Dawa ni moja: deikea zote waajiriwe wanawake peke yao, mwanamume asivuke geti, hata dereva. Kwisha.

#12 Shangazi Leicester
#11 baba, heshima yako, ila hapo umepotea. Mimi nafanya kazi nursery hapa Leicester mwaka wa tisa. Tulipoingia kozini, kisa cha kwanza kufundishwa kilikuwa cha Plymouth, 2009. Mfanyakazi mwanamke, mama wa watoto, alikuwa akidhalilisha watoto wadogo palepale kazini na kuwapiga picha kwa simu yake, anawatumia watu wa mtandaoni. Ukaguzi wa polisi alishapita, rekodi safi. Ripoti ya mwaka uliofuata ilionyesha wenzake walikuwa na wasiwasi naye, maneno yake yalikuwa machafu machafu, lakini alikuwa ndiye kinara wa pale, mcheshi, kila mtu anataka kuwa upande wake. Wakanyamaza.

Ndiyo maana hapa simu yangu inalala kabatini tangu naingia hadi natoka. Picha ya mtoto inapigwa kwa kifaa cha kituo tu, na mzazi awe ameridhia kwa maandishi. Kwa hiyo mleta mada, hasira yako ya stetasi ina mashiko kuliko ya baba mdogo. Kwa baba mdogo mwalimu yuko sahihi mia kwa mia.

Na idadi: England chini ya miaka miwili ni mlezi 1 kwa watoto 3. Wa miaka miwili ni 1 kwa 5, zamani ilikuwa 4, wakalegeza 2023. Kuanzia mitatu ni 1 kwa 8, au 13 akiwepo mwalimu mwenye shahada. Huyo dada wa 27 kwa wawili, huku tungefungwa minyororo.

#13 Fundi Rangi
Shangazi huko mnalipwa kwa pauni. Huku mtu analipwa laki moja na nusu, umwambie pia simu aweke kabatini, mpesa ya mchezo itaingia saa ngapi?

#14 Mwenye Kituo
Naomba niongee upande wetu, maana wamiliki huwa tunachorwa kama mafisi.

Nina watoto 41. Ada elfu sitini kwa mwezi, na kila mwezi robo yao hawalipi kwa wakati. Toa kodi ya nyumba, unga, maziwa, maji, ulinzi wa usiku. Kinachobaki ndicho mishahara. Sheria ya Mtoto inataka usajiliwe kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, nami nimesajiliwa, kazi haikuwa ndogo. Mtaa wangu kuna vitano havina hata kibao, ada elfu thelathini, vimejaa. Nikiongeza mlezi mmoja, napandisha ada elfu kumi. Nikipandisha, wazazi kumi wanahamia kwa yule asiye na kibao. Halafu mnakuja humu kuuliza utamaduni wa ulinzi umekwenda wapi.

Kamera nilifunga nne. Mzazi mmoja akataka aunganishwe aangalie kwa simu akiwa ofisini. Nikakataa. Akimwona wa kwake, atawaona na 40 wa wenzake, wengine wanabadilishwa nguo. Alimhamisha mwanawe.

#15 Bishoo wa Ubungo
#14 Kwa hiyo umaskini ndio unaofinya watoto? Kuna vituo vya ada milioni kwa muhula, mambo yanafukiwa vilevile, tena kwa wanasheria.

#16 Mwenye Kituo
Sijasema hivyo. Nimesema mlezi aliyechoka na anayejua akifungua mdomo atafukuzwa Ijumaa, hafungui mdomo.

#17 Karani
Basi tatizo ni mmiliki, siyo mshahara. #8 mshahara wake sidhani kama ni mkubwa kivile, lakini alisema.

#18 MwalimuWaUji
Si mkubwa, nathibitisha hahaha.

#19 Mvita Damu
Hamjambo wa bara. Huku Mombasa chekechea ziko chini ya kaunti tangu katiba ya 2010, na mwajiri akitaka, atakuitisha cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, shilingi 1,050. Watu wanakiona kama hirizi. Mimi nina cheti, mwenzangu ana cheti, basi sote malaika. Cheti kinasema hujashikwa, hakisemi hujafanya.

Tena hatari tunayoiona sana sisi si darasani. Ni tuktuk. Dereva mmoja anabeba watoto wanane, wa kwanza anashuka saa saba, wa mwisho anashuka saa tisa na nusu. Huyo wa mwisho amebaki na yeye peke yake kwa muda gani? Wallahi hakuna anayehesabu. Shuleni kwa mwanangu wazazi waliposhtuka, tulikubaliana awe na mama mmoja ndani ya tuktuk mpaka mtoto wa mwisho. Tunamchangia shilingi hamsini kila siku.

#20 Kachori la Darajani
Mie nipo Unguja. Sheria yetu mbali na ya bara, ni Na. 6 ya 2011, na mwaka 2015 ikapata tuzo kubwa ya kimataifa. Raha sana. Ila skuli ya maandalizi ya jirani yangu choo hakina mlango mpaka leo, na kipo nyuma, mtoto anakwenda peke yake pembezoni mwa ukuta, hakuna anayemuona. Nikasema kwenye kikao nikaambiwa "Bi Kachori, hapa sote ni watu wa mtaa mmoja, twajuana." Hilo neno "twajuana" ndilo lenye kuniogopesha mie.

#21 Afande Mstaafu
Nimekaa Dawati la Jinsia na Watoto miaka kadhaa kabla ya kustaafu, nikupeni langu. Mnalaumu mmiliki, mshahara, serikali. Kesi nyingi nilizoziona zikifa, ziliuawa na wazazi. Mama analeta taarifa asubuhi, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda hospitali) inatolewa, jioni wazee wamekaa, mtuhumiwa ametoa ng'ombe au laki nane, kesho mama anakuja kusema mtoto alikosea. Na hapo sheria haina mzaha: kumbaka mtoto wa chini ya miaka kumi ni kifungo cha maisha. Ukali huohuo unawafanya watu waseme "tutamfunga mjomba maisha? Tuyamalize."

Ukiona jambo piga 112.

#22 Karani
Afande, kwa heshima, kwa mambo ya watoto namba ni 116. Ni bure, usiku na mchana. 112 ni dharura ya polisi, ipige kama jambo linatokea sasa hivi.

#23 Afande Mstaafu
Sahihi. Uzee.

#24 Mvita Damu
116 hata Kenya ni hiyohiyo.

#25 Mzee wa Makambako
Kwani jirani ana wajibu gani kisheria? Nijuavyo anayetakiwa kutoa taarifa ni mwalimu na daktari. Mimi muuza duka nikijipeleka nitaambiwa mmbea.

#26 Afande Mstaafu
Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 94 kama sikosei: mwanajamii yeyote.

#27 Karani
95. Cha 94 ni wajibu wa serikali za mitaa zenyewe. Cha 95 kinasema mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya eneo lake. Muuza duka yumo. Muuza genge yumo.

#28 Kitunguu Saumu
Karani wewe unalala na sheria chini ya mto?

#29 mama_wa_pacha
Hamjagusa kitu kimoja. Mtoto atasemaje ikiwa hana neno la kusemea? Wangu walikuwa wanaita "dudu", wa jirani "kitumbua", mwingine "nanii". Siku moja mtoto wa jirani alimwambia mwalimu "anko amekula kitumbua changu". Mwalimu akamjibu mama atakununulia kingine. Nimeona kwa macho yangu. Bahati mama yake alikuwa mlangoni, akadondosha mkoba.

Tangu hapo nyumbani kwangu ni uume na uke. Mama mkwe hajanisamehe.

#30 Mzee wa Makambako
Maneno hayo kwa mtoto wa miaka mitatu? Adabu iko wapi?

#31 Kachori la Darajani
Mzee wangu, somo na kungwi walikuwepo toka zamani, sema walikuja kwa mwari, wakati umeshapita. Mie naona litajwe kwa sauti ya kawaida kama unavyotaja sikio.

#32 Mzee wa Makambako
Sikio!

#33 Fundi Rangi
Na fimbo je? Maana tunaongelea kufinya kana kwamba ni ajabu. Chekechea niliyosoma mimi mwalimu alikuwa na mwiko wa ugali, ulikuwa na jina lake.

#34 Karani
Kanuni za viboko za 2002 kwa shule za bara: visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na binti achapwe na mwalimu wa kike. Kenya walishapiga marufuku viboko shuleni tangu 2001.

#35 Mvita Damu
Marufuku ipo. Mwiko nao upo.

#36 Shangazi Leicester
Mtoto aliyezoea kwamba mtu mzima anaweza kumfanyia lolote mwilini na akatakiwa anyamaze, kesho atajuaje hili la kusema na hili la kunyamaza?

#37 Mzee wa Makambako
Tumechapwa wote, tumekuwa watu.

#38 Kitunguu Saumu
Mzee umekuwa mtu ila hutaki dereva avuke geti. Kuna kitu unakijua.

#39 Mwenye Kituo
Jamani #21 kanichoma lakini nakubaliana naye. Machi 2023 serikali ilipopiga marufuku bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, kelele za kwanza zilitoka wapi? Kwa wazazi! Mtoto wa miaka minne, mtu analia kwa nini asilale huko. Nina mzazi amenichelewea hadi saa tatu usiku, mara nne ndani ya mwezi mmoja, na hata jina la mlezi wa mwanawe halijui. Anamwita "dada".

#40 Bishoo wa Ubungo
Ustawi wa jamii nao wamekutembelea mara ngapi tangu usajiliwe?

#41 Mwenye Kituo
Mara moja. Afisa alikuwa mtu mwema, yuko peke yake kwa kata tatu, alikuja na bodaboda ya kukodi kwa hela yake.

#42 BabaTunu (mleta mada)
Wakuu nimerudi, nimesoma zote.

Kwanza nakiri. Usiku ule kabla ya kuandika humu nilimtumia mmiliki ujumbe wa hasira, nikasema mwalimu hana adabu. Leo asubuhi napeleka mtoto mimi mwenyewe, namkuta mwalimu macho mekundu. Kumbe aliitwa ofisini, akaambiwa "tunza wateja". Yaani alifuata utaratibu wa kituo na kituo kikamgeuka kwa ujumbe wangu mmoja. Nimeona aibu. Nikaenda kwa mmiliki nikafuta kauli mbele ya mwalimu mwenyewe. Sijui kama inatosha, maana nadhani wiki ijayo akija mjomba wa mtu mwenye gari kubwa, atafikiria mara mbili.

Picha za beseni wamefuta. Stetasi mpya ni ya magoti na viatu tu, wamejitahidi.

#43 MwalimuWaUji
#42 Hapo ndipo tunapokufa sisi. Asante kwa kurudi kufuta kauli.

#44 mama_wa_pacha
Na khanga?

#45 BabaTunu (mleta mada)
Nitanunua. Halafu nikapewa daftari nijaze wanaoruhusiwa. Nikaandika mimi, mama Tunu, mdogo wangu, na boda wetu. Mwalimu akaniuliza jina kamili la boda. Nikasema Chidi. Akauliza Chidi nani. Nikakwama. Akanipa kalamu nimkate.

#46 Mvita Damu
Ngoja kwanza. Huyo Chidi ndiye anayempeleka mtoto asubuhi?

#47 BabaTunu (mleta mada)
Kila siku. Mwaka wa pili sasa.

#48 Mvita Damu
Peke yake?

#49 BabaTunu (mleta mada)
Nampigia sasa hivi nimuulize jina la baba yake.